Farasi Aliyesimama Wima

Farasi hakuwa ameinama. Nataka hilo lijulikane kwanza, kwa sababu nimelifikiria kuliko jambo lingine lolote tangu nimalize chuo, na mimi ni mtu wa kufikiria. Alikuwa farasi wa plastiki, mweupe, mwenye kitambaa cha kijani chini yake, naye alisimama sawasawa katikati ya mraba wake. Mwalimu wangu alinyoosha kidole, akamgusa kichwani, akamsogeza kidogo sana, kama mzazi anayemnyooshea mtoto kola mlangoni pa kanisa. Kisha mkono wake ukahamia kwa askari wa pembeni, ambaye ndiye aliyetaka kumsukuma.

Mimi nikasimamisha saa, nikainua mkono kumwita mwamuzi.

Sisi tuliojifunza sataranji kwake Mbumbuni tunajua kidole kile kilitoka wapi. Alikuwa mwalimu wa hesabu katika shule yetu ya msingi. Mchezo aliutoa chuo cha ualimu, kichwani tu, bila kete hata moja, na likizo moja akaamua kuzichonga mwenyewe, zote thelathini na mbili, kwa mti wa mukau uliokuwa umekatwa wiki hiyo hiyo. Kwetu hata mtu wa kuchonga miiko atakuambia kwamba mukau mbichi hauchongwi. Unaachwa kivulini miezi, ukauke. Lakini yeye alikuwa mtu wa hesabu, na shule ilikuwa inafunguliwa Jumatatu. Kabla muhula haujaisha kete zote zilikuwa zimepinda. Farasi waliinamia mbele kama wanaokunywa maji. Maaskofu waliegemea nyuma. Malkia mweusi alikuwa na ufa kutoka kichwani hadi kiunoni, na asiposimamishwa vizuri alianguka na kumwangusha mumewe.

Ndivyo tulivyopata ile desturi. Kabla ya kufikiria hatua yako, unapitisha kidole na kuwasimamisha watu wako mmoja mmoja. "Mtu aliyeinama hatumwi," alituambia. Asiyesimamisha alipata konzi. Mimi nilipata mbili: ya kutosimamisha, na ya kukawia. Nilikuwa nakawia kwa sababu kila hatua niliyoiona ilikuwa na nyingine nyuma yake, na nyuma ya hiyo kulikuwa na nyingine, na zote zilikuwa mbaya.

"Huyu," aliwaambia wenzangu, "akiulizwa jina lake anaomba muda."

Darasa lote lilicheka. Tangu siku hiyo, kila asubuhi kwenye paredi, kulikuwa na mtu wa kuniuliza jina langu, na wengine nyuma yake wakihesabu sekunde kwa sauti. Nilikuwa darasa la nne. Walihesabu hadi nilipomaliza la nane.

Sisemi haya ili nionekane nilikuwa na sababu. Nayasema kwa sababu yalikuwepo.

Alitufundisha ufunguzi mmoja tu, wa Kiitaliano, na akakataa kutufundisha mwingine. Askari wa mbele ya mfalme anakwenda miraba miwili. Farasi anatoka. Askofu anatoka, anasimama mahali anapoweza kutazama upande dhaifu wa mfalme mwenzake. "Umefungua lango, umeingia uani, umesalimia," alisema. "Mtu mwenye nia njema huingia hivyo. Mwizi ndiye hupitia dirishani." Hata leo, mtu akianza kunichezea kwa pembeni pembeni, moyo wangu humshuku kabla akili yangu haijamshuku.

Chuoni, katika mashindano yangu ya kwanza, nilisimamisha ngome ambayo haikuwa imeinama. Mpinzani wangu akainua mkono. Ukigusa umecheza, ndiyo sheria duniani kote isipokuwa Mbumbuni. Ukitaka kurekebisha kete, unasema kwanza kwamba unarekebisha. Nililazimika kuichezesha ile ngome, nikapoteza mchezo, na mwaka mzima wakaniita fundi wa fenicha. Kuanzia hapo hucheza nikiwa nimeukalia mkono wangu wa kulia. Nautoa kucheza, naurudisha chini ya paja. Watu hudhani nina baridi.

Kwa hiyo hakuna mtu katika dunia hii aliyekijua kidole kile kuliko mimi. Nilijua kilipozaliwa, nilijua kinavyouma, na nilijua dawa yake.

Nilimaliza digrii ya takwimu, nikarudi nyumbani na cheti ndani ya bahasha ya kaki, na bahasha ikakaa juu ya kabati ya mama mpaka ikabadilika rangi. Kila Jumapili, wakati wa maombi, mama alisimama. "Tumwombee kijana wangu, Bwana amfungulie mlango wa kazi." Kanisa lilisema amina. Kisha vichwa viligeuka polepole, na watu wakanitazama viatu. Sijui kwa nini viatu. Nilianza kuvipaka rangi Jumamosi jioni ili wakivitazama wasione kitu, halafu nikafikiri kwamba viatu vinavyong'aa sana juu ya mtu asiye na kazi ndivyo vinavyotazamwa, nikaacha.

Ndipo tangazo likafika kwenye simu. Kulikuwa na shule ya kibinafsi upande wa Ikutha ambayo mkurugenzi wake, mama aliyestaafu ofisi ya Nairobi, alitaka watoto wajifunze sataranji pamoja na hesabu. Hakutaka barua za kuomba kazi. Aliandaa mashindano ya siku mbili, Ijumaa na Jumamosi, na mshindi angekuwa mwalimu.

Mwalimu wangu alikuja hadi kwetu na simu mkononi, ameishika mbali na macho. "Umeona hii? Twende. Mmoja wetu ataileta Mbumbuni."

Alikuwa amestaafu. Mke wake aliwahi kumwambia mama kwamba bado anapiga pasi mashati matano kila Jumapili jioni, anayatundika kwa mstari, na Jumatatu anavaa moja na kwenda kukaa kwenye kinu cha kusaga mahindi, akisahihisha hesabu za wateja wanaosubiri unga. Nilijua jambo hilo wakati nakubali kwenda naye. Alitaka kazi ile kama nilivyoitaka mimi.

Tulishuka hadi Salama, tukafuata barabara kuu mpaka Kibwezi, tukakata kushoto kuelekea Ikutha. Mke wake alikuwa amefunga muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe, kwenye mkebe, na mwalimu akanipa mimi mkebe, yeye akalia kwenye kifuniko. "Kula wewe," alisema. "Wewe ndiye unafikiria. Kufikiria kunakula mwili." Nilikula. Ulikuwa muthokoi mtamu, na ndizi mbili zilizopondwa ndani, jinsi mke wake alivyokuwa akitupikia tulipokwenda kucheza kwao tukiwa watoto.

Siku ya kwanza alisimamisha kete zake kwenye kila mchezo. Hakuna aliyesema kitu. Mwanafunzi mmoja wa sekondari kutoka Mutomo aliona, akafungua mdomo, akamtazama mzee mvi, akaufunga. Mimi nilikuwa meza ya pili na niliona yote mawili, kidole na mdomo.

Jumamosi asubuhi tulikuwa tumebaki wawili. Tulikunywa uji katika bwalo la shule, tukiwa tumekaa upande mmoja wa benchi, nami nikaanza kutafuta namna ya kumwambia. Ningeweza kumwambia kwa mzaha: mwalimu, leo hawa farasi hawana kiu. Au ningemweleza yaliyonipata chuoni. Lakini angeona namfundisha. Au angeona namwogopa. Na nikimwambia, kisha akashinda, ningemwambia nini mama? Nilifika njia ya saba. Akamaliza uji wake, akafuta masharubu, akasema, "Twende."

Nimejiambia mara nyingi kwamba muda uliisha. Haukuisha. Sentensi ilikuwa tayari nikiwa njia ya pili.

Bwalo lilijaa. Walikuja wazazi, walimu, vijana wa pikipiki waliosikia kuna mashindano wakadhani ni ya mpira, na watu wa soko la mbuzi waliokuwa wamemaliza kuuza. Mkurugenzi alisimama kati yetu na kutushika mabega.

"Hawa wawili wote ni wa Mbumbuni," alisema. "Sasa sisi watu wa huku tutakula nini?" Watu wakacheka. "Atakayeshinda anaanza muhula ukifunguliwa. Nyumba iko, choo iko ndani. Mimi siulizi karatasi."

"Huyu ako na karatasi," mwalimu akasema. "Mimi niko na magoti tu, na hizo nazo zinaomba ruhusa."

Watu walimpenda papo hapo. Niliona mkurugenzi anacheka mpaka anashika meza, na nikafikiri: hata nikishinda atatamani angeshinda yeye.

Alipata weupe. Akafungua lango, akaingia uani, akasalimia. Nikamjibu vile vile, askari kwa askari, farasi kwa farasi, askofu kwa askofu, na kwa hatua nne za kwanza tulikuwa tena darasani, mimi na kaptula, yeye na chaki mfukoni. Kisha akaanza kunila. Sikuwa nimecheza naye tangu darasa la nane na nilidhani nimempita. Kufikia hatua ya kumi na nne alikuwa amechukua askari wangu wawili bila kulipa chochote, na saa yangu ilikuwa imebaki na nusu ya dakika zake, kwa sababu kila alipocheza nilitafuta mtego nyuma ya hatua ambayo haikuwa na mtego.

Nilikuwa na kitu kimoja tu. Askofu wangu mmoja alikuwa amekaa mbali, akimtazama malkia wake kwa mshazari, na kati yao alisimama farasi. Farasi akiondoka, malkia ameliwa. Mwalimu alijua hilo. Dawa yake ni ndogo: askari wa pembeni anasukumwa mraba mmoja, askofu anafukuzwa, na mimi nabaki bila kitu. Nilimwona akiiona dawa hiyo. Uso wake ulitulia, jinsi ulivyotulia zamani alipopata jibu la hesabu kabla ya kuligeukia darasa.

Kisha, kwa kuwa alikuwa amefikia uamuzi, akasimamisha watu wake. Alianza na farasi.

"Mwamuzi," nikasema.

Mwamuzi alikuwa dada wa rika langu kutoka Nairobi, mwenye kadi shingoni. Alikuja haraka.

"Nini?"

"Amegusa farasi."

Mwalimu alinitazama jinsi alivyokuwa akitazama hesabu iliyokosewa mstari wa mwisho. "Nimemsimamisha tu," akasema.

"Mzee, ulisema unarekebisha?" mwamuzi akamuuliza. "Kabla ya kugusa?"

"Kusema? Mimi husimamisha tu. Muulize huyu. Huyu nimemlea kwa hii mchezo. Muulize."

Mwamuzi alinigeukia. Hakuwa mkali. Nakumbuka alikuwa na sura ya mtu anayetafuta mlango wa kumtoa mzee. "Wewe unamjua," akasema. "Kama ni mazoea yake na wewe unajua ni mazoea, naweza kumpa onyo, tuendelee. Umewahi kumwona akifanya hivyo?"

Mkono wangu wa kulia ulikuwa chini ya paja. Niliuhisi unavyofa ganzi. Nikafikiria bahasha juu ya kabati. Nikafikiria sekunde zikihesabiwa kwenye paredi. Nikafikiria kwamba nikinyamaza sana kunyamaza kwenyewe kutakuwa jibu, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu sikuomba muda.

"Hapana," nikasema. "Sijawahi kumwona."

"Ati?" mwalimu akasema. Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu ambaye hakusikia vizuri.

Sikurudia. Mwamuzi akasema kwamba basi farasi lazima aende.

Mwalimu alikunja kidole chake, akakitia ndani ya ngumi, akaitazama ngumi. "Sawa," akasema. "Sheria ni sheria." Akamwinua farasi, akampeleka mraba wa kwanza alioupata, bila hata kuchagua. "Kula," akaniambia.

Nikamla malkia.

Watu wa bwaloni hawakuelewa sataranji, lakini walielewa kwamba kitu kikubwa kimeondolewa mezani. Kijana mmoja wa pikipiki akaita, "Mzee, rudi nyumbani, mama amepika!" Mwingine akasema, "Mkono imezeeka kabla ya kichwa." Na wa tatu, nyuma kabisa, ambaye sikumwona na ambaye namchukia zaidi yao wote kwa sababu maneno yake ndiyo yaliyosafiri: "Wapi! Ni kichwa ndiyo imetangulia. Hamwoni anashikashika vitu bila kujua?"

Walicheka. Mkurugenzi naye alicheka kidogo, kisha akajizuia.

Mtu yeyote mwenye heshima zake, akipoteza malkia hivyo, hulaza mfalme wake na kutoa mkono. Mwalimu hakufanya hivyo. Alinifanya nimwue. Hatua thelathini na kitu, mfalme wake akitembea ubaoni na askari wake wachache, mimi nikimfukuza na malkia, jasho likinitoka, nikiogopa kwamba nitamfungia bila kumtisha na mchezo utoke sare, mbele ya wale wote. Alicheza haraka. Nilipofikiria, alinisubiri, mkono wa kushoto ukiwa umeushika ule wa kulia juu ya meza. Hakusimamisha kete nyingine yoyote siku hiyo.

Ilipoisha alinipa mkono. "Askofu yako ilikuwa imekaa mahali pazuri," akasema. Hayo tu. Aliondoka na lori la mtu wa mbuzi, nami nikabaki kuoneshwa nyumba. Kweli, choo kilikuwa ndani.

Nilipofika Mbumbuni siku tatu baadaye kuchukua vitu vyangu, hadithi ilikuwa imenitangulia. Mama muuza nyanya alinisimamisha sokoni. "Ni ukweli mwalimu alianza kushikashika vitu huko? Masikini. Na vile alikuwa na akili." Kwenye kinu, walikuwa wamemwambia asisumbuke na hesabu za wateja, apumzike. Kanisani, darasa la Biblia la wazee ambalo alikuwa akilifundisha lilipewa mtu mwingine, kwa upendo, na kwa maombi. Nilimwona mwenyewe akivuka barabara: wanawake wawili walimshika viwiko, mmoja kila upande, na magari hayakuwepo.

Nilikuwa naweza kulimaliza jambo hilo kwa sentensi moja. Mwalimu hajasahau kitu, hivyo ndivyo alivyo tangu ujana wake, mimi ndiye niliyedanganya. Lakini sentensi hiyo ingefika Ikutha. Ilikuwa wiki moja kabla ya shule kufunguliwa.

Jumamosi nilikwenda kwake. Nilinunua sukari kilo mbili na mkate, nikafika nusu ya njia, nikafikiri sukari itaonekana kama rambirambi, nikarudi kubadilisha, nikafikiri tena, nikaenda nayo hivyo hivyo. Alikuwa ameketi barazani. Mbele yake, juu ya stuli, ulikuwa ubao wa zamani na zile kete za mukau, nyeusi kwa mikono ya watoto.

"Keti," akasema. "Nitaanza mimi."

Akafungua kwa Kiitaliano. Nilikaa juu ya mkono wangu. Farasi wangu mmoja alikuwa ameinama kabisa, amemlalia askari wa jirani.

"Toa mkono," akasema. "Simamisha watu wako."

Nikautoa, nikamsimamisha farasi.

"Umegusa. Cheza hiyo."

Nikamchezesha, vibaya. Akanila. Askofu wangu akaegemea. "Simamisha." Nikasimamisha. "Umegusa. Cheza." Tulicheza hivyo michezo mitano. Kete hazikuweza kusimama bila kushikwa, na kila niliyoishika niliipoteza. Hakucheka. Hakuinua sauti. Alinichinja mara tano kama mtu anayepalilia shamba lake, mstari kwa mstari, na katikati ya mchezo wa nne jirani mmoja akapita njiani, akamwona anasimamisha mfalme wake kwa kidole. Akapaza sauti, ile tunayotumia kwa watoto wa miaka miwili.

"Mwalimu! Unacheza? Eeh! Vizuri sana! Cheza tu!"

Mwalimu alimpungia mkono. Jirani alipokwisha kupita, akaniuliza bila kuinua macho, "Umesikia vile naongeleshwa?"

"Nimesikia, mwalimu."

"Ni zamu yako."

Mke wake alitoka jikoni na chai. Kikombe kilikuwa kimoja. Akakiweka mbele ya mumewe, upande wa mbali nami. Katika miaka yangu yote sikuwahi kukaa kwenye baraza ile bila kuwekewa kitu mkononi, hata maji. Kisha akainua mfuko wangu wa sukari na mkate pale nilipokuwa nimeuweka karibu na mlango, akauleta, akauweka kando ya mguu wangu ili nisiusahau.

"Mwaitu," nikamwambia, yaani mama, kama tulivyomwita tangu utoto, "mimi nilijua. Nilijua tangu darasa la nne kwamba yeye husimamisha."

"Mimi unaniambia nini?" akasema. "Mimi nimepangusa hizo vitu vumbi miaka yote, na nikimaliza nazisimamisha kwa kidole hivi. Unaniambia mimi? Waambie wale."

"Nitawaambia."

"Lini?"

Nikainua mfuko wa sukari, nikauweka chini tena.

"Mpe muda," mwalimu akasema, akapuliza chai yake. "Huyu hata akiulizwa jina lake anaomba muda."

Kesho yake ilikuwa Jumapili. Nilikuwa niondoke Jumatatu alfajiri. Wakati wa ushuhuda mama alisimama, na safari hii hakuomba, alishukuru. Alilia. Alisema walimcheka kijana wake na bahasha yake, na sasa ona. Kanisa lilipiga makofi, na sikuona mtu anayenitazama viatu. Mchungaji akanyoosha kipaza sauti. "Njoo, mwalimu wetu mpya. Tusemeshe neno."

Nilikwenda mbele. Mwalimu wangu alikuwa benchi la tatu, kando ya njia, katika mojawapo ya yale mashati matano, limepigwa pasi mpaka mikunjo ya mikono ingekata nyuzi. Karibu naye alikaa mhudumu wa kanisa, mama mwenye utepe begani, aliyekuwa amepewa kazi ya kumwangalia. Mke wake alikuwa upande wa pili. Wote wawili walikuwa wananitazama, na sura zao hazikuwa za kuomba. Zilikuwa za watu wanaosubiri kuona kama mtoto ataweza hesabu.

Walikuwa wote pale. Mama wa nyanya, mwenye kinu, wazee wa darasa la Biblia, wale wanawake wawili wa viwiko. Nisingehitaji kumtafuta mtu mwingine yeyote Mbumbuni. Nilikuwa na sentensi. Nilikuwa nimeiandika usiku kwenye simu, nikaikariri, maneno kumi na mawili, nilikuwa nimeyahesabu.

"Namshukuru Mungu," nikasema. Sauti yangu ilitoka kubwa kwenye spika, nikaogopa. Nikamwona mama anafuta macho kwa ncha ya leso. "Namshukuru mama yangu. Na..." Wakasubiri. "Na namshukuru sana mwalimu wangu, aliyenifundisha huu mchezo."

Kanisa zima liligeuka kumtazama. Wakampigia makofi. Ni makofi ninayoyajua; ni yale ya taratibu, ya mikono ya juu, anayopigiwa mtoto aliyesoma mstari mmoja wa Biblia bila kukosea. Wengine waliitikia, "Eeeh, mwalimu!" Mchungaji akasema Bwana amkumbuke mzee wetu katika udhaifu wake. Wakasema amina. Mke wake hakusema.

Nilimpa mchungaji kipaza sauti na kurudi mahali pangu, nikaukalia mkono wangu. Kutoka pale nilimwona mwalimu vizuri. Mbele yake, kwenye ubao mwembamba ulio nyuma ya benchi la pili, kilikuwa kimewekwa kitabu cha nyimbo, nacho kilikuwa kimeegemea upande mmoja. Alinyoosha kidole akakisimamisha.

Yule mama wa utepe akaushika mkono wake, taratibu, akaurudisha juu ya goti lake. Kisha akakichukua kitabu, akakiweka mbali.